Viumbe wa anga watue Rovuma Novemba 1917: hesabu hizi zinasimama?

KalamuYaLindi

Wakuu, habari zenu. Naandika riwaya ya historia mbadala na nataka watu wenye jicho kali waikague kabla sijaendelea.

Vita Kuu ya Kwanza bado inaendelea. Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, anasukumwa kusini na jeshi la Kiingereza la van Deventer. Mwishoni mwa Novemba 1917 viumbe kutoka nje ya dunia wanatua bonde la Rovuma: vyombo vitatu vya kutua, viumbe 400, na meli mama moja inayozunguka dunia. Sitaki ile ya miale inayoyeyusha kila kitu sura ya pili, halafu wavamizi wanakufa kwa vijidudu sura ya mwisho. Nataka washindwe kwa sababu ambayo fundi au mwanajeshi akisoma atasema naam, hapo wamekwama.

Rasimu ilivyo sasa:

Sura ya 3, Desemba 1917, mzinga wa manowari Königsberg unafyatuliwa kutoka Newala na kukiangusha chombo kimoja kikiwa angani.

Sura ya 5, wapagazi 200 wanalisha kikosi cha watu 2,000, mwendo wa siku 10 kutoka ghalani.

Sura ya 6, askari wanatembea usiku tu ili wasionekane kutoka juu.

Naomba mnisaidie mambo manne. Tarehe inafaa? Kuna silaha gani ya kweli inayoweza kuwadhuru? Watajifichaje? Na wavamizi wakwame kwa nini?

---

Bombomu08

Tarehe umeipiga sawasawa, pengine bila kujua. Tuanze na hapo kabla sijakuharibia sura ya 3.

Tarehe 21 Novemba 1917 ndege puto ya Kijerumani L59 iliondoka Yambol, Bulgaria, ikimpelekea Lettow tani kama 15 za vifaa: risasi, bombomu (bunduki za rashasha), dawa. Urefu wake mita 226, tumbo la hidrojeni mita za ujazo 68,500, injini tano, nahodha Ludwig Bockholt. Haikupangiwa kurudi. Kitambaa chake kilikusudiwa kushonwa mahema na mifupa yake kugeuzwa milingoti ya simu ya upepo (redio). Ilivuka Mediterania, ikaingia Misri, ikafika magharibi ya Khartoum, na usiku wa kuamkia tarehe 23 ikaitwa irudi kwa simu ya upepo. Ikatua Yambol tarehe 25 baada ya saa 95 na kilomita 6,757. Siku hiyohiyo, tarehe 25, Lettow alivuka Rovuma na kuwapiga Wareno Ngomano.

Sasa angalia zawadi uliyopewa na historia. Injini iliyokuwa ikiendesha jenereta ya simu ya upepo ilikuwa imeharibika njiani, kwa hiyo L59 ilisikia lakini haikuweza kusema. Chombo kinachotoka obiti kwenda Rovuma kwa mteremko wa pole huanza kuwaka hewani kikiwa kimo cha kilomita 100 hadi 120, na kikiwa bado mbali na mahali pa kutua kwa kilomita 3,000 hivi. Kutoka magharibi ya Khartoum hadi Rovuma ni kama kilomita 3,000. Mabaharia wale wa angani wangeona mstari wa moto ukikata mbingu kutoka upeo hadi upeo kwa dakika 4 au 5, kimya kabisa, na wasiweze kumwambia mtu yeyote hadi tarehe 25. Mashahidi wa kwanza wa uvamizi ni watu mabubu.

Kama utaandika hiyo sura, usisahau joto. Gesi na hewa vinakosana kila jua linapochomoza na kuzama. Mzigo wote unaobebwa na hidrojeni ya ukubwa ule ni kama tani 75, na kila hewa ya nje ikipanda nyuzi 3 unapoteza karibu asilimia 1. Jangwani mchana hadi usiku tofauti ni nyuzi 20 kwa urahisi, basi nahodha anahangaika na tani 4 au 5 zinazokuja na kuondoka. Ndiyo maana walikuwa wakimwaga maji ya uzito kila mara.

Sasa habari mbaya. Mzinga wa Newala ufute. Kufikia Desemba Newala ilikuwa imeshatoka mikononi mwa Wajerumani, na Lettow alikuwa ameachana na mizinga mizito kabla ya kuvuka mto. Pale Nambindinga, katikati ya Novemba, alikipunguza kikosi kwa makusudi, akaacha wagonjwa na majeruhi nyuma. Waliovuka walikuwa Wajerumani wasiofika 300, askari kama 1,700 na wapagazi wapatao 3,000.

Hata ungekuwapo, usingeangusha kitu angani. Mzinga wa sentimita 10.5 wa Königsberg ulitengenezwa kupiga meli. Mtutu unainuka nyuzi 30 na kusimama hapo. Kombora la kilo 17.4 linatoka kwa mita 690 kwa sekunde, na kwenye umbali wa kilomita 3 linachukua sekunde 5 au 6. Chombo kinachokwenda mita 100 tu kwa sekunde, mwendo unaozidi kidogo ule wa ndege ya abiria inayokaribia kugusa uwanja, kitakuwa kimehama zaidi ya mita 500. Bila fyuzi ya saa na bila chombo cha kupima kimo, huko ni kurusha mawe gizani.

Kikiwa kimekaa chini ni habari nyingine. Nishati ya kombora lile likitoka mtutuni ni megajuli 4.1, sawa na kilo moja ya TNT kabla hujahesabu baruti iliyo ndani yake. Gamba la chombo cha anga ni jembamba kwa sababu kila kilo juu yake imelipiwa. Litapita. Lakini utahitaji mtu wa kuona risasi inaangukia wapi. Soma jinsi Königsberg yenyewe ilivyouawa Rufiji: tarehe 6 Julai 1915 meli Severn na Mersey, zenye mizinga miwili ya inchi 6 kila moja, zilifyatua makombora zaidi ya 600 na kurudi bila kumaliza kazi. Tarehe 11 zilirudi, zikapiga moja baada ya nyingine kwa kufuata masahihisho ya ndege. Ndege ikapigwa, ikaanza kushuka kuelekea mtoni, na Arnold aliyekaa na mashine ya simu akaendelea kutuma masahihisho huku rubani Cull akiiteremsha. Hiyo ndiyo kazi ya kulenga usichokiona.

Ukiupenda sana ule mzinga, rudisha hadithi yako nyuma hadi 1916. Au nenda Fort Jesus, Mombasa, ukauguse. Umewekwa pale pamoja na wa Pegasus, meli ambayo Königsberg iliizamisha bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914.

---

Mizani

Sura ya 5 haisimami mkuu. Fanya hesabu kwa vidole.

Mpagazi alibeba kilo 25 hivi. Alikula karibu kilo moja ya unga au mchele kwa siku. Wapagazi 200 wanaondoka ghalani na kilo 5,000. Siku 10 za kwenda wamekula 2,000. Siku 10 za kurudi watahitaji 2,000 nyingine, na zinatoka kwenye mzigo uleule. Zinazofika ni kilo 1,000. Kikosi chako cha watu 2,000 kinakula hizo kwa nusu siku. Ukisogeza ghala hadi siku 12 na nusu, hakifiki kitu: mpagazi amekula mzigo wote njiani kwenda na kurudi. Na hapo hakuna aliyeumwa tumbo, hakuna mvua, hakuna aliyetoroka.

Wanyama usinitajie. Kusini kule mbung'o walimaliza farasi, nyumbu na ng'ombe. Jeshi la Kiingereza chini ya Smuts mwaka 1916 liliwapoteza kwa makumi ya maelfu, wengine wakidumu wiki chache tu. Ndiyo sababu Waingereza walikusanya wapagazi kwa mamia ya maelfu, wale wa Carrier Corps, na ndiyo sababu Dar es Salaam ina Kariakoo. Upande wa Nyasaland waliitwa tengatenga. Riwaya ya vita hivi ambayo haina mpagazi mwenye jina na mawazo yake itakuwa ya uongo hata kabla viumbe hawajatua.

Lettow alilitatua vipi? Hakulitatua. Aliacha kuwa na ghala. Alikwenda penye chakula cha adui, akala, akahama. Ngomano ilimpa bunduki za Kireno za milimita 6.5 zisizotoa moshi mzito, bombomu, na risasi za kujaza mifuko, wakati sehemu ya askari wake walikuwa bado na zile kuukuu za modeli 71, milimita 11, zinazofuka moshi mweupe kila ukifyatua.

Sasa geuza hesabu hiyohiyo uwapimie wavamizi wako, maana roketi ni mpagazi tu: nayo inakula mzigo wake njiani. Na hapa ndipo utakapopata jibu la swali lako la nne.

Tuseme chombo cha kutua kinatumia hidrojeni na oksijeni, na moshi wake unatoka kwa kilomita 4.5 kwa sekunde. Hiyo ni injini nzuri sana, karibu na ukomo wa kemia. Kurudi kwenye obiti, ukihesabu mvuto na upinzani wa hewa, kunadai kilomita 9.3 kwa sekunde. Uwiano wa uzito unakuwa karibu 8. Chombo cha tani 100 kikiwa tayari kuruka, tani 87 ni mafuta. Hakuna mwenye akili anayeteremka na mafuta ya kurudia, kwani angelazimika kuyabeba kutoka juu. Watatengeneza hapahapa, kwa maji ya mto.

Tani 87 za mchanganyiko wa oksijeni 6 kwa hidrojeni 1 zinahitaji hidrojeni tani 12.4. Maji ni sehemu 9 kwa kila sehemu 1 ya hidrojeni, basi tani 112 za maji safi. Kuyachambua kwa umeme kunakula saa za kilowati 50 hivi kwa kila kilo ya hidrojeni, jumla kama megawati-saa 620. Wakiwa na mtambo wa megawati 1, ni siku 26 mchana na usiku. Bado kupoza hidrojeni iwe kimiminika cha nyuzi 253 chini ya sifuri, kazi inayoongeza siku 5 au zaidi. Mwezi mmoja kwa chombo kimoja. Wewe una vitatu.

Wamekaa hapo kama bata atamiaye. Hawawezi kuondoka, hawawezi kusogea mbali na maji, na juu hakuna anayeweza kuwashushia chochote bila kuongeza chombo kingine chenye njaa ya tani 87.

---

Bombomu08

Hiyo ya mpagazi na roketi nimeipenda. Lakini atauliza msomaji: meli mama si itapiga mawe kutoka juu?

---

Mizani

Itapiga. Kitu kinachotoka obiti kina megajuli 30 kwa kila kilo, mara 7 ya TNT, ukiacha kinachopotelea hewani. Fimbo ya chuma ya kilo 100 ni sawa na bomu la mamia ya kilo. Boma la Lindi linaondoka. Daraja la reli linaondoka.

Ila pima msafara. Watu 5,000 wakienda mstari mmoja porini, mita 2 kati ya mtu na mtu, ni kilomita 10. Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa, msafara unapita mbele ya mti mmoja kwa saa mbili na nusu. Fimbo inaua watu wa mita mia kadhaa, na kila fimbo ilibebwa kutoka nyota nyingine. Utampiga nani?

Hapo wavamizi wangepoteza si kwa sababu ni wajinga. Walikuja na dawa ya ugonjwa mwingine. Wangetua Ufaransa, kwenye mahandaki yasiyosogea, reli na viwanda, wangemaliza kazi.

---

SimuYaVioo

Nijibu la kujificha, maana sura ya 6 imegeuzwa kichwa chini.

Usiku ndio wakati mbaya kuliko yote. Anayeangalia kwa joto anamwona mtu wa nyuzi 33 za ngozi juu ya ardhi ya nyuzi 22 kama kaa la moto. Mchana wa Novemba bonde la Rovuma, mchanga mtupu unapita nyuzi 50, na mtu anaonekana kama doa la baridi. Katikati ya hali hizo mbili kuna nyakati ambazo ardhi na ngozi vinalingana: asubuhi kama saa mbili hadi saa tatu, na tena jua likielekea kuzama. Mwende nyakati hizo kwenye uwazi. Saa nyingine kaeni chini ya miti. Miombo Novemba haiko uchi kama Agosti. Huchipua majani mapya, mekundu kama kutu, hata kabla mvua haijanyesha. Kivuli kipo.

Moto wa kupikia ni tatizo kubwa zaidi ya miili. Watu 5,000, moto mmoja kwa watu 10, ni mioto 500 kila jioni kwa mstari. Msizime. Ongezeni: choma nyasi kavu pande zote mbili za bonde, jambo ambalo mwisho wa kiangazi halimshangazi mtu. Mwindaji wa joto anabaki na ramani nzima nyekundu.

Na meli mama iko kimo gani? Hili amua mapema, kwa sababu hadithi nzima inategemea kioo cha darubini yake.

Ikiwa kilomita 400 juu, inazunguka kwa dakika 92 na kupita machoni pako kwa dakika 10 tu hata ikipita utosini. Kumtambua mtu, nusu mita, kwa mwanga wa kawaida inahitaji kioo cha nusu mita. Kwa joto, mawimbi ni marefu mara 20, kioo cha mita 10. Hilo linawezekana. Lakini ikishapita, mna saa nzima na ushee ya kufanya mtakalo, na askari wenye saa ya mfukoni watazijua zamu zake ndani ya siku tatu, maana alfajiri na magharibi itaonekana kwa macho kama nyota inayotembea.

Ikiwa kilomita 36,000, inasimama juu ya sehemu moja siku zote. Kwa mwanga wa kawaida inataka kioo cha mita 44 kumwona mtu. Kwa joto, mita 880. Basi itaona mioto na moshi, haitaona miili. Mimi ningechagua ya chini. Hofu inayokuja kwa zamu inasomeka vizuri kuliko jicho lisilofumba.

Mawasiliano: simu ya upepo ya wakati ule ni cheche. Ukibonyeza, umepiga ngoma dunia nzima, na mahali ulipo patajulikana. Vikosi vyote viwili vilikuwa na heliografu, simu ya vioo. Kioo cha Kiingereza cha inchi 5 kilifika kilomita 80 hewa ikiwa safi, kutoka kilima hadi kilima. Mwali wake unatanuka kwa nusu nyuzi tu, upana wa jua lenyewe, kwa hiyo ukiwa kilomita 50 mwali una upana wa mita kama 460. Aliye nje ya hapo haoni kitu, na aliye juu haoni kitu kwa sababu mwali unakwenda ubavuni.

Makosa ya mwandishi asiyewahi kukishika: jua husogea nyuzi 1 kila dakika 4, kwa hiyo mpiga vioo lazima akirekebishe kioo kila baada ya muda mfupi ujumbe ukiwa katikati. Anakuwa na msaidizi anayeandika, kwa sababu hawezi kulenga, kubonyeza na kusoma kwa pamoja. Mawingu yakiingia, ujumbe unakatika neno likiwa nusu. Tumia hilo. Desemba mawingu ni mengi.

---

MchangaMtupu

Wote mmeongea vizuri, hamjaugusa mto wenyewe.

Rovuma mwishoni mwa Novemba ni kitanda kipana cha mchanga, maji yakipita katikati kwa vijito vya kukufika magotini au kiunoni. Ukiuangalia kutoka juu ni uwanja wa kutua uliotayarishwa: tambarare, hauna miti, maji yako kando. Mvamizi mwenye akili timamu atatua pale. Kusini kule kuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili. Mizani amewapa mwezi mmoja wa kuchambua maji. Weka kalenda mbili hizo pamoja: wametua tarehe 23 Novemba, mafuta yanajaa kuelekea Krismasi, na mto nao unajaa.

Kinachoharibika kwanza ni chujio. Maji ya Novemba yana mchanga mnene unaotulia ndani ya dakika. Mvua ya kwanza huko juu, kwenye Lugenda na vijito vyake, inaleta tope laini la rangi ya chai ya maziwa. Tope hilo halitulii kwenye ndoo hata usiku kucha. Mtambo wa kuchambua maji unataka maji karibu safi kama ya betri. Kila chombo kinahitaji zaidi ya tani 4 kwa siku. Chujio lililooshwa mara moja kwa siku litaanza kudai mara nne, na kila kuosha mtambo umesimama.

Cha pili ni mguu wa chombo. Mchanga mkavu unabeba. Mchanga uleule maji yakipanda ndani yake kutoka chini hupoteza nguvu, mguu unazama upande mmoja. Chombo kirefu kikiinama nyuzi chache hakiruki tena, haidhuru kimejaa vipi. Magari ya deraya ya Rolls-Royce, tani 4 hivi, yalikwama kwenye udongo wa nchi hii mwaka 1916. Hicho chako ni tani 100 juu ya miguu minne.

Usiwaue kwa malaria. Kidudu kinachohitaji chembe za damu ya binadamu hakitapata cha kula ndani ya kiumbe kisicho na damu hiyo. Na nyuki wa Tanga, wale waliowauma askari kwenye vita vya 1914, waache wapumzike, kila mtu ameshawatumia.

---

KalamuYaLindi

Nashukuru sana. Sura ya 3 nimeifuta, ya 5 na 6 naziandika upya. Nafikiri hivi: askari wa Lettow na wa King's African Rifles (KAR, jeshi la Kiingereza la askari Waafrika) wanashirikiana kupiga mitambo ya maji kabla mto haujajaa, ili vyombo vikwame na mafuriko yamalize. Nani anaanza mazungumzo? Na watumie silaha gani?

---

Bombomu08

Mazungumzo yasianzwe na Lettow wala van Deventer. Wangechukua wiki nzima kuandikiana barua. Yaanze na sol wa Schutztruppe, jeshi la Kijerumani, na sajini wa KAR, wamekutana kwenye kisima kimoja, wote wanasema Kiswahili. Angalia tu huyo sajini anatoka kikosi gani: batalioni ya 1 na ya 2 ni za Nyasaland, watu wake wanaongea Kinyanja, na Kiswahili chao kitakuwa cha kujifunza. Vyeo vya upande wa Wajerumani vilitoka Kituruki na Kiarabu kupitia Misri na Sudan: ombasha, shaushi, betshaushi, sol, na juu yao efendi. Afande unayemsikia kila siku ni huyohuyo. Bombomu ndilo neno lao la bunduki ya rashasha. Rashasha usiitie vinywani mwao.

Silaha: mota ya Stokes ya inchi 3, mzinga mdogo wa kurusha mabomu juu, ambayo Waingereza walikuwa nayo. Kilo 47 nzima, inagawanyika mtutu, kitako na miguu, mizigo mitatu. Bomu moja kilo 4.8, basi mpagazi anabeba matano. Mabomu 120 ni wapagazi 24. Inafika mita 690 hivi, maana yake lazima wajongee karibu kuliko watakavyopenda, na hapo ndipo sura yako ya mwisho ilipo.

---

MchangaMtupu

Ongeza haya kwenye sura hiyo. Kitako cha Stokes kwenye mchanga mkavu kinazama kila bomu linapotoka, na bomu la nne halitaangukia lilipoangukia la kwanza. Watandike magogo, juu yake magunia ya mchanga uliolowa, wakikanyage, warushe mawili ya kukazia kitako kabla ya kuhesabu shabaha. Baruti za kurushia zikipata unyevu bomu linatoka goigoi na kuanguka nusu ya njia, kwa hiyo wazifunge kwa ngozi au kitambaa chenye nta tangu Lindi.

Walenge bomba la kuvutia maji na machujio. Matangi wayaache. Hidrojeni ikivuja ni nyepesi, inapanda na kupotea, na ikiwaka mchana mwali wake karibu hauonekani. Mtu anaweza kuuingia akitembea. Oksijeni ya kimiminika ndiyo ya kuogopa. Ikimwagika kwenye nyasi, mkaa au kitambaa chenye mafuta, kitu kidogo tu kinatosha kuvilipua. Askari akifika pale na bunduki iliyopakwa samli badala ya mafuta ya bunduki, asiisogeze karibu na madimbwi yale ya buluu hafifu yanayofuka ukungu.